Usitie Sahihi Nyumba ya Bi Shani

Kwa mdogo wangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Naanza na magoti yako, yamepoa? Na kifua cha shemeji? Mimi mzima, Alhamdulillahi. Bado napanda ngazi hadi paani bila kushikwa mkono, na vijana wa hapa wanitazama midomo wazi.

Ujumbe wako wa simu nimeusoma mara nne mpaka nikaamini. Wanao wamepata mtu wa kuinunua nyumba yetu, na Ijumaa baada ya sala wakuletea karatasi utie sahihi. Usitie! Nisikize kwanza, kisha unikasirikie.

Hili jumba la shamba ninalolitunza hapa Uingereza alilijenga tajiri wa sukari. Wajukuu wake wakashindwa na paa, wakaliuza. Likawa skuli ya wasichana. Kisha akalinunua yule mama mjane aliyenitoa bandarini, mimi seremala wa meli, akanambia, "Omari, ngazi yangu yalia." Nikaitengeneza, imenyamaza hata leo. Fundi mwingine hakuna ambaye angeweza. Akanipa kijumba cha langoni, akasema nikae maisha yangu yote. Alisema kwa mdomo.

Alipofariki, mpwa wake akaliuza kwa kampuni. Picha za wenyewe zimetundikwa ukumbini, kila mmoja amekaa kama haondoki. Na kila aliyekuja alipaka rangi yake juu ya rangi ya mwenzake. Mimi nikikwangua mlango nawaona wote: kijani, nyeupe, buluu. Jumba lenyewe lina jina lake, kama meli, wala halikumbuki mtu. Yetu yaitwa kwa Bi Shani kwa kuwa nyanya ndiye aliyeijenga. Mkiiuza, watu wa mtaani watasema vilevile, "Pita kwa Bi Shani, ukate kulia." Na ndani hamna wetu wa kuitika hodi.

Sasa nakwambia jambo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita msimamizi mpya wa kampuni, mwanamke wa maneno laini, alinijia na karatasi. Akaniuliza, "Mzee, nikusomee?" Mimi! Nikamjibu, "Mama, nimevuka bahari zote, karatasi moja itanishinda?" Na Kiingereza nakisema tu, kukisoma sikujui. Nikatia sahihi kwa mbwembwe, nikaivutia na mkia. Wiki ya pili wakaja mafundi kupima mlango wangu wauvunje. Nikapiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Yule msimamizi akanionyesha karatasi: nimekubali kuhama. Sahihi ilikuwa nzuri, Mwanaisha. Mkia na yote.

Basi Ijumaa usijifanye jabari kama mimi. Waambie wanao, "Nisomeeni, polepole, tena mara mbili." Wakimaliza, waambie mjomba wao yuwaja, na nyumba haiuzwi mtu akiwa njiani.

Shemeji atoe zile baiskeli zake mbovu chumba cha chini, nitalala humo. Kitasa msibadilishe, ufunguo ninao mfukoni tangu siku niliyoondoka.

Nisalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliyenichapa mpaka nikajua alifu na bee, nikakimbilia baharini kabla ya tee. Mwambie alikuwa na haki. Jirani yetu mshona kofia aanze kunishonea moja, kichwa hakijapungua. Na wanao wasalimie, ingawa wamenitia moto.

Ni mimi kakako,
Omari wa kwa Bi Shani