Togwa Uliyomletea Mwalimu

Kwako Bibi,

Sijui barua ya kumwandikia marehemu hupitia njia gani. Naandika tu, maana mdomo wangu unaujua, mbele za watu hukauka.

Wakumbuka siku ulipokuja shuleni na kibuyu cha togwa ya mtama? Wiki ile mwalimu wa Kiingereza alikuwa akitufundisha maneno ya kumsifu mtu: "graceful", mwenye madaha; "elegant", aliyependeza kwa utulivu; "well-mannered", mwenye adabu. Ukabisha hodi, ndonya ya mti imechomekwa mdomo wa juu, miguu imejaa vumbi la kutoka Naliendele. Ukapiga magoti, ukaonja togwa kwanza wewe, kama mlivyofanya kwenu ng'ambo ya mto Ruvuma ili mgeni ajue haina sumu, ndipo ukampa mwalimu kwa mikono miwili.

Darasa likacheka. "Anamnywesha mwalimu masalia," alisema Zuhura, niliyekaa naye dawati moja. "We, yule nani yako?"

Nikasema, "Jirani."

Ulisikia. Najua, kwa sababu tangu uanze kunilea hukuwahi kuniita jina langu. Uliniita mke mwenzangu, tukimgombea babu aliyekwisha kufa zamani. Jioni ile ukaniita, "Jirani, njoo ule." Ukacheka. Mimi sikuweza.

Mwalimu alipotupa insha ya kumsifu mtu kwa maneno yale, nilimwandika mke wa daktari, na glavu zake nyeupe. Uliponiuliza nimemsifu nani, nikasema wewe. Ukataka nisome. Nikakusomea sifa za mwingine kwa Kiingereza usichokijua, nawe umefumba macho, na nilipofika kwenye "graceful" ukanishika mkono. "Tamu hilo, jirani. Rudia." Nilirudia mara tatu.

Masika yakaingia, ukaondoka duniani ukiwa bado unaniita jirani.

Mwalimu alikuja msibani. Mama akanipa kibuyu chako cha togwa nimpelekee. Zuhura alikuwa palepale mkekani. Nikapiga magoti, nikaonja kwanza, nikampa kwa mikono miwili. Mwalimu akauliza taratibu, "Kumbe yule mama aliyekuja darasani...?"

"Bibi yangu," nikasema, na wote wakasikia. Ulikuwa umeshazikwa tangu asubuhi.

Insha nimeiandika upya, Bibi. Maneno ni yaleyale, glavu zimetoka, kibuyu kimeingia. Nimeisoma peke yangu nyuma ya nyumba, na nilipofika kwenye lile neno nikangoja uniambie nirudie.

Pumzika. Ukinitaja huko uliko, nitaje kwa lile jina la kwanza.

Ni mimi,
mke mwenzio