Mbaazi za Shamba Lililoungua

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kivaa tu wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Unaniuliza kama naogopa usomee urubani, kwa sababu ya ile ndege ya jeshi iliyoanguka shambani kwetu ikifanya maonyesho, rubani akafa.

Jeshi lilipobeba vyuma vyake, watu walisema shamba lile lisilimwe tena. Sisi wanawake wa mwethya, tunaolimiana kwa zamu, tukaingia na majembe. Mara akatokea mama yake rubani. Wimbo ukatufia mdomoni. Akavua viatu, akaomba jembe.

"Kwani mwethya siku hizi hulima kimya?"

Tuliimba mpaka ng'ambo ya bwawa wakasikia! Mbaazi za mwaka ule zilitupita urefu.

Ruka, mwanangu. Ukipita juu ya Kivaa, jua tunaimba.

Susu yako