Dawa Nyeupe ya Ruqaiya

Jumapili, 8 Februari 2026. Koboko

Leo naanza, na nitaandika yote, hata yanayochosha.

Mdogo wangu Ruqaiya ana miaka sita. Uji wa moto ulimmwagikia mkono wa kulia. Kidonda kilipona, vidole vikabaki vimejikunja. Hawezi kushika penseli. Mwezi uliopita tulimpeleka hospitali ya Arua wavinyooshe. Walipotia dawa ya usingizi kwenye mshipa wa nyuma ya kiganja cha kushoto — dawa nyeupe kama maziwa — tulimsikia hadi nje. “Moto! Moto!” Alivuta mkono, sindano ikachomoka. Mshipa mwingine hawakuupata, naye alilia mpaka kifua kikabana. Wakaahirisha.

Kesho tunarudi. Haboba, bibi yetu, ameamua: “Hapana taja hospitali. Ambia yeye tunaenda tazama mpira ya Onduparaka, ile timu ya Arua.” Mama amekubali. Amechoka mno kubishana.

Jumatatu, 9 Februari. Arua

Ruqaiya alivaa soksi za mpira tangu alfajiri. Soksi zangu! Alipoona geti la hospitali alisimama. Kisha akauliza, “Wachezaji yote iko wagonjwa?”

Mwanamke mmoja kwenye benchi alicheka sana. Mimi sikuweza.

Tangu hapo ameukalia mkono wa kushoto. Jioni alikunywa chai kwa kuinamia kikombe mezani, kama mbuzi. Mama aliona, akageuka.

Jumanne, 10 Februari

Asubuhi alikuja Obitre, mtaalamu wa dawa ya usingizi. Mtu mpole, macho mekundu kwa uchovu. Mama alimwambia achome haraka tu, sisi tutamshika.

Akakataa. Mtoto akishikwa kwa nguvu, alisema, hofu inazidi. Safari hii atatafuta mshipa mkubwa wa kwenye kiwiko, si ule mwembamba wa mkononi. Atafunga ukanda juu yake, atie dawa ya ganzi kidogo mshipani, angoje, afungue ukanda — ndipo ile nyeupe.

Nikauliza kama haitaunguza.

“Watoto wengi hapana sikia, binti yangu. Wengine nasikia kidogo. Lakini hapana danganya yeye.”

“Akijua hatatoa mkono!” Mama alipaza sauti.

“Mama, si ameukalia? Uongo ilisaidia nini?” Obitre alimwuliza.

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mama alifunga vizuri leso yake, akafungua, akafunga tena. “Sadiya, sema wewe. Mimi maneno imeisha.”

Nikamwambia Ruqaiya. Kwamba mpira haupo. Kwamba huenda atasikia moto kidogo, si kama uji, na utapita, na usingizi utakuja. Hakulia. Heri angelia.

Mchana

Zamu yetu! Naandika upesi. Nesi yuko mlangoni na kitanda cha magurudumu. Obitre amesema naweza kuingia na Ruqaiya chumba cha upasuaji hadi asinzie. Nimeshavaa gauni lao, linaburuta chini. Mama anatazama ukuta.

Ruqaiya ameutoa mkono chini ya paja, ila ameubana kifuani. Hataki kupanda kitandani kabla sijamjibu. Ananivuta gauni, anauliza tena:

“Dada, kama hii ilikuwa mkono yako, wewe ungetoa?”