Majani Ambayo Sikuyanusa

Bwenini, 4 Februari

Kwako Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama. Mguu unaendeleaje? Mama ameniandikia kwamba amepona na amerudi kazini. Nashukuru sana.

Darasani tunajifunza sehemu za mmea. Mwalimu amesema nayajua majani kuliko kitabu. Sikufurahi.

Bado unakwenda kuchuma mboga ya mnavu?

Mjukuu wako


15 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mguu unalalamika, ndiyo kazi yake. Kuchuma nimekatazwa. Mama yako anasema macho yangu yamezeeka, ndiyo maana mnanaha, ule mmea wa sumu, uliingia kwenye mboga, naye akalazwa siku mbili akiongea na pazia. Kikapu changu amekifungia stoo. Nashinda kibarazani nikiwachungulia majirani, na nimeshajua mambo ambayo sikuyaomba.

Tazama herufi zangu zilivyo ndogo. Mwenye macho mabovu angeziweza?

Bibi yako


2 Machi

Bibi,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara tatu.

Asubuhi ile tulipokwenda kuchuma nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Ulinifundisha nifikiche kila jani nilinuse, kwa sababu mnanaha mchanga hujificha katikati ya mnavu, ila harufu yake huusaliti. Nilifikicha, nikapeleka puani, nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Sikunusa kitu. Niliogopa ungeniacha nyumbani.

Mama alipokulaumu nilikuwa nimesimama pale pale, nimenyamaza. Naomba unisamehe.

Mjukuu wako


13 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nilijua. Njia nzima ulipumua kwa mdomo kama punda anayepanda kilima. Nikasema moyoni, mtoto amebakiza siku chache arudi shule, acha afurahi. Na majani yako sikuyarudia kuyanusa. Kosa hilo basi ni letu wawili.

Kwa mama yako nimenyamaza, maana ukweli huo nilitaka utoke kinywani mwako. Mimi nimeshakusamehe. Lakini aliyeongea na pazia si mimi.

Bibi yako


24 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimemwandikia Mama yote. Hajanijibu. Tunafunga shule katikati ya Aprili. Naogopa kuja nyumbani, na kila siku nafuta tarehe kwenye kalenda.

Mjukuu wako


5 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako aliisoma barua yako jikoni amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Jana amekitoa kikapu stoo, akakipangusa vumbi, akakiweka miguuni pangu.

“Mama,” akaniambia, “macho yako niliyasingizia.”

Nami nikamweleza la kwangu.

Hasira yake kwako haijaisha, sikufichi, utaikuta. Lakini leo ameuliza utafika saa ngapi, na amesema mboga tutakwenda kuchuma watatu. Atanusa yeye, baada yako.

Ukija na mafua, sema ungali mlangoni.

Bibi yako