Ganda Halikushika

Ngoingwa, Thika
14 Juni 2025

Mpendwa dada Mwelu,

Hujambo? Shemeji Kivuva na watoto wanaendeleaje huko Kanada? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu, ingawa najua mama alikupigia simu akilia. Usitishike. Acha nikueleze mwenyewe.

Unajua kazi yangu kiwandani ni kupika gundi inayoshikilia rangi ukutani. Gundi hiyo ni chembe ndogo mno ndani ya maji, kila moja kama parachichi: kokwa ngumu katikati, nyama laini nje. Hiyo kokwa tunaiita kiini, na hiyo nyama tunaiita ganda.

Kiini kikishaiva, dawa ya ganda huingizwa polepole ili ishike juu yake. Ukiimwaga kwa haraka, inajiundia chembe zake pembeni, na mtambo unapata joto la kutisha.

Jumanne nilikuwa maabara nikipima kiini. Gachanja, meneja wetu, alikuwa amesumbuliwa na wateja tangu asubuhi. Akaifungulia dawa yote.

Kwenye skrini ya maabara niliona joto la mtambo linapanda, nikakimbilia huko.

"Umefanya nini?"

"Nimeongeza kasi tu, Ndanu."

Kengele ikalia. Nikafunga dawa, lakini iliyokwisha kuingia ilizidi kujichemsha yenyewe. Maji ya kupoza nayo hayakuja, valvu yake ilikuwa imekwama. Nikawatoa wenzangu nje. Kugeuka, Gachanja hayupo.

Alikuwa amebaki kuifungua ile valvu kwa mikono, katikati ya mvuke. Dada, nilisimama uwanjani nikingoja mlipuko. Badala yake nikasikia maji yakishuka kwenye mabomba. Mimi na Oluoch, fundi wetu, tukaingia tukamtoa. Mikono yake yote ilikuwa imebabuka.

Jana nilienda hospitali kumwona. Swali lake la kwanza: "Ganda lilishika?"

"Halikushika. Chembe zimejitenga, gundi yote imeharibika."

Akageukia ukuta. Nilikuwa nimeenda na hasira zangu zote, lakini nikajikuta namnywesha uji kwa kijiko.

Mama anataka niache kazi. Jumatatu tunawasha mtambo tena, na sasa dawa ya ganda haifunguliwi na mtu mwingine ila mimi. Naogopa, dada, lakini nitaenda. Niombee.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mama, na shangazi Ndunge wa Kimbo, wanawasalimu sana. Mungu awafunike kwa mkono wake popote mlipo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Ndanu