Barua Haikohoi

Maisaka, Babati

Mdogo wangu Mama Lugano,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha, wewe mtoto uliyelelewa vizuri na kaka yako. Magoti yanasemaje? Na yule ng'ombe wako wa pembe moja, bado anaingia shamba la jirani akidhani ni la baba yake? Huku mvua imenyesha vya kutosha, mahindi yamefika kiunoni na mbaazi zinakuja nyuma. Mama Neema mzima, ananigombeza vizuri.

Sasa kaa chini nikupe habari kubwa. Kaka yako ndiye mwanzilishi wa kanisa la Methodisti hapa Babati. Ndiyo, mimi. Kanisa jipya la matofali ya kuchoma linafunguliwa Jumapili ya wiki ijayo, na mchungaji mwenyewe amekuja hapa nyumbani kwa bodaboda, kijana wa kumzaa, akakaa kwenye kigoda akasema, "Baba, katika walioanzisha umebaki wewe tu. Utasimama utueleze historia." Kwa hiyo ninyi Wamoraviani wa Tukuyu na tarumbeta zenu nyamazeni kidogo. Ukoo wetu umetoa mtume.

Umeshacheka? Basi acha niseme kweli kabla hujaenda kunitangazia sokoni. Sikuanzisha kitu. Mimi nilikwenda pale kujifunza kusoma.

Unakumbuka nilivyoondoka nyumbani, utingo wa lori, kifua mbele kama lori ni langu. Likakata ekseli hapa Babati, tajiri akasema tusubiri spea, na hiyo spea mimi naisubiri mpaka leo. Nikawa nabeba magunia sokoni. Ilikuwa miaka ya ngumbaru, mtu mzima asiyejua kusoma anatafutwa kama mwizi wa kuku. Pale sokoni palikuwa na fundi cherehani, Mzee Elifasi, mwembamba kama uzi wake, amekuja na Umethodisti wake kutoka kwao mbali na hapa hakuna mwenzake hata mmoja. Alishonea kwenye kibaraza cha duka la Mzee Shabani. Shabani ni Mwislamu wa swala tano, lakini alimpa nafasi bure, akisema cherehani inavuta wateja na Mungu ataamua mengine. Siku moja Elifasi akatangaza kwamba Alhamisi alasiri kutakuwa na darasa pale kibarazani, watu wazima wote karibuni, hakuna ada.

Kumbe kwa Wamethodisti darasa si shule. Ni watu wachache wanaokaa pamoja kila wiki, na kiongozi anamwuliza kila mmoja habari za roho yake. Sisi tungejuaje? Tulikuja na madaftari. Mimi nilikuwa na penseli sikioni, imechongwa kwa kisu cha magunia. Mama Yasinta, aliyeuza samaki wa ziwani, alikuja na daftari linalonuka perege. Tukakaa kwenye mkeka tukamtolea macho fundi, naye akatutazama kwa furaha ya mtu aliyeomba manyunyu akaletewa masika. Akaanza na mimi maana nilikuwa mbele. Akasema polepole, "Ndugu yangu, roho yako haijambo?"

Nikamjibu, "Mwalimu, hatujafika huko. Tuanzie kwenye a."

Mzee wa watu akatazama penseli zetu, moja moja, akaelewa. Mwingine angetufukuza. Yeye alichukua kitambaa cheusi cha suti ya bwana shamba, akakitundika ukutani, na kwa ile chaki yake bapa ya kukatia nguo akaandika a. Basi tangu siku hiyo kila Alhamisi ilikuwa herufi kwanza, roho baadaye. Bwana shamba alifungia harusi suti ile, na mgongoni, jua likimpiga, tuliokuwa nyuma tulisoma "baba bebe bibi" vizuri kabisa. Tulifurahi kuliko bibi harusi.

Hivyo ndivyo kanisa lilivyoanza. Hapakuwa na mmisionari wala maono. Ni neno moja tu lililosikika vibaya. Nilipomweleza mchungaji alikuna kichwa, akaniuliza kama hiyo sehemu ya ngumbaru tunaweza kuiruka siku ya wageni. Nikamwambia tukiiruka wanabaki viboko. Maana tulipokuwa wengi kibaraza kikatushinda, tukapewa kiwanja upande wa Nakwa, pembeni ya ziwa, bure, na sisi kwa shukrani hatukuuliza kwa nini ni bure. Jua likishuka viboko wanapanda kula majani. Tukazoea kuomba jicho moja limefumba, jingine linalinda. Mpaka leo ukitaka kumjua Mmethodisti wa zamani wa Babati, mtazame wakati wa sala.

Mpaka hapo ni ya kuchekesha. Sasa sikiliza inayoninyima raha.

Historia hii imesimuliwa mbele ya watu mara mbili tu. Mara ya kwanza ni tulipofungua kanisa la udongo. Elifasi alisimama akaieleza yote, chaki na suti, watu wakacheka mpaka wakajifuta macho. Mbaazi za mwaka ule zilivunwa yeye yuko kaburini. Baadaye ziwa likafura likalilamba lile kanisa, tukahamia juu kidogo, tukaezeka kwa bati. Siku ya bati alisimulia Mama Yasinta, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa, mzima kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Naye hakuvuna. Aliinama kupalilia, hakuinuka.

Sasa ni zamu ya matofali, na aliyeitwa ni mimi.

Najua utasema hayo ni mambo ya wasiokwenda kanisani. Na mimi nililifanyia utani. Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba historia yetu inaua kuliko malaria, wakacheka wote isipokuwa mmoja, ambaye nasikia anaogopa ataitwa yeye nikikataa. Lakini Mama Lugano, juzi nilipita pale, mafundi wako juu wanapiga lipu, kijana mmoja akaniita, "Mzee, Jumapili tunakusikiliza." Mimi nilisikia "tunakuzika." Nilisimama na fimbo yangu katikati ya njia. Kijana akashuka kwenye jukwaa akaniuliza kama niko poa. Nikamwambia niko poa, masikio ndiyo yana ujinga, yaliacha shule mapema. Akacheka. Nilifika nyumbani shati limelowa, na ugali sikuumaliza.

Mama Neema akaitazama sahani. Unamjua kwenye picha tu, lakini huyu Mgorowa wangu hasemi sana, akisema amekwisha kuchimba. Akasema, "Baba Neema, wewe huogopi historia. Unaogopa Jumatatu."

Nikamwambia Jumatatu ni siku kama nyingine, ina soko na ina vumbi. Akachukua sahani akaondoka. Sikumfuata, kwa sababu alikuwa amenimaliza.

Labda ulikwisha kujiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu ninayo na vocha ninayo. Simuni ungenisikia. Barua haikohoi. Kikohozi hiki nilianza nacho mbaazi za mwaka jana zikiwa juani, nikasema ni vumbi la kupura. Vumbi likaisha, chenyewe kikabaki, siku hizi kinakuja na ladha ya shaba mdomoni. Mama Neema akanipeleka hospitali kwa nguvu, kwenye bajaji, amenishika mkono kama mtuhumiwa. Wakapiga picha kifua. Daktari ni binti mdogo, mpole mno, na upole wake ndio ulioanza kunitisha. Akasema kuna kivuli, akachukua vipimo vingine. Nikamwambia mwanangu, mtu yeyote aliyesimama juani ana kivuli. Hakucheka. Akasema, "Babu, Jumatatu baada ya hiyo Jumapili yenu uje kuchukua majibu. Usije peke yako. Njoo na ndugu."

Hayo maneno matatu ya mwisho nimeyatafuna mpaka yamekwisha utamu na uchungu. Njoo na ndugu. Majibu mazuri mtu hupewa akiwa peke yake, au siyo? Hakuna anayeitiwa ndugu kuambiwa kwamba ni mafua.

Nilifikiri nikatae kusimama. Nilikwenda mpaka kwa mchungaji na maneno nimeyapanga, kwamba sauti imekwisha, amtafute mwingine. Akanijibu kwa adabu kwamba haina shida, ataisoma yeye mwenyewe, tena ameshaiandika fupi. Akanisomea. Mle ndani Elifasi amekuwa mtu aliyeota ndoto ya mwanga. Mama Yasinta hayumo. Mzee Shabani hayumo. Kitambaa cheusi kimekuwa ubao. Nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikasikia mdomo wangu unasema nitasimama. Huu mdomo umeniponza tangu utotoni, lakini safari hii niliuacha. Nikinyamaza, wale wawili watakufa mara ya pili, na suti ya bwana shamba itazikwa nao.

Kwa hiyo nitasimama. Nitasimama na fimbo yangu, na nikikohoa katikati nitasema ni vumbi la matofali mapya.

Jambo moja ndilo linaloniuma. Kila Alhamisi Elifasi alipofika kwangu na swali lake, "Roho yako haijambo?", nilimjibu, "Haijambo, sijui yako wewe fundi unayekula nyama kila siku," watu wakacheka, akapita kwa mwingine. Hata alipokuwa kitandani mwisho mwisho aliniuliza, nami nikamjibu hivyo hivyo, naye akacheka mpaka mkewe akanitoa nje. Siku hizi darasa hakuna tena. Watu wanaimba vizuri, wanapeana mikono, bajaji zimepangana nje zinasubiri. Hakuna wa kukuuliza habari za roho. Ndiyo maana nimejiuliza mwenyewe, na wewe ndiye wa kwanza kupata jibu. Roho yangu ina jambo. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa Jumapili kwa sababu ni rahisi kuiogopa, na nyuma yake imejificha Jumatatu.

Usimwambie mtu nimeandika hivyo. Nina sifa ya kulinda.

Barua hii nimempa binti wa kwaya anayekuja Mbeya kwa basi, atakufikishia. Msalimie shemeji yangu anayelinda redio isiibiwe. Lugano mwambie mjomba wake anauliza kama bado anavaa suruali za kubana, na kama hewa inapita. Mwenye nyumba ya juu, shangazi yetu wa mwisho, mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Na binamu yetu anayepuliza ile tarumbeta kubwa kuliko yeye, msalimie, lakini mwambie asianze kufanya mazoezi ya wimbo wowote wa polepole kwa ajili yangu.

Sasa deni. Usishtuke, si la fedha. Ulipokuwa mdogo ulikiogopa kile choo cha migombani. Kila jioni mama alisema, mpeleke mwenzako. Nikasimama nje kwenye umande, mbu wananila miguu, na wewe ndani unaita kila pumzi, "Kaka, upo?" Nami najibu, "Nipo." Siku moja tu nilinyamaza kukutania, ukatoka unapiga kelele mpaka mama akanijia na mwiko. Siku nyingine zote niliitika, na sijawahi kukudai.

Jumatatu hiyo Mama Neema ataingia nami kwa daktari, na karatasi atashika yeye maana anasoma haraka kuliko mimi. Lakini binti alisema ndugu, na aliyebaki katika tumbo letu ni wewe, na magoti yako hayawezi safari ya basi. Kwa hiyo asubuhi ile usiende shambani. Chaji simu, kaa karibu nayo. Nikifika mlangoni nitapiga. Sitakuamkia, sitakupa habari, nitauliza tu, "Upo?" Wewe itika. Na usije ukalipiza kwa kunyamaza.

Kaka yako,
Baba Neema, utingo wa lori lisilotengenezeka