Wananiita Baba Ibeji

Jumatatu, 4 Machi 2019

Nimempeleka Morenike kliniki. Mke wa mdogo wangu. Mumewe, Ige, yuko Sokoto na lori lake, anapakia vitunguu, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi. Nilifunga cherehani saa mbili asubuhi.

Pacha — hilo tulilijua. La leo ni jipya. Wa mbele ametanguliza kichwa vizuri. Wa nyuma amekaa: matako chini, miguu imekunjwa. Daktari Ogunbiyi alituonyesha kwenye kioo cha mashine. Njia ni mbili, alisema. Ajifungue kawaida, na daktari awe tayari kumtoa wa pili kwa miguu. Au apasuliwe, siku ipangwe. Kila njia ina hatari yake, na uchungu ukianza mapema hapatakuwa na nafasi ya kikao cha ukoo. Tukaamue, turudi Ijumaa.

Mama mmoja kwenye benchi akamwambia Morenike asihangaike. Huyo wa nyuma ndiye Kehinde, kama anavyoitwa kila pacha wa pili, ndiye mkubwa, amemtuma Taiwo, wa kwanza, aionje dunia. "Mkubwa hainamishi kichwa, mwanangu. Amekaa kitini, anasubiri aletewe habari." Benchi zima likacheka. Hata mimi.

Kisha nesi akatokea mlangoni na kadi. "Baba Ibeji!" Baba wa pacha. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilipaswa kusema si mimi. Nikasimama. Nikapokea kadi.

Morenike aliona.

Jumanne, 5 Machi

Vigauni viwili, kitambaa kimoja, kipimo kimoja. Hapa Igbo-Ora, mji wa pacha, kila kitu nashona mara mbili. Sauti ya yule nesi imenikaa sikioni kutwa.

Alhamisi, 7 Machi

Ige amepiga simu. Nikamweleza. Akacheka.

"Kaka, mimi nilikuja na miguu. Nani alimpasua Mama?"

Hoja yake yote ndiyo hiyo. Jina lake ndiyo hoja. Mtoto akitanguliza miguu anaitwa Ige, hakuna anayekaa kumchagulia. Marehemu Mama alikuwa akimsifu kila asubuhi kwa wimbo: aliyeingia duniani akitembea, hakuanguka kama wengine. Nami nipo uani, nasugua sufuria, nasikiliza. Mimi nilikuja kwa kichwa kama kila mtu. Sikutungiwa hata mstari mmoja. Nina miaka arobaini na moja na bado namwonea kijicho kwa wimbo. Aibu.

Akasema asiguswe na kisu mpaka arudi, Jumapili ya tarehe kumi na saba. "Waambie wasubiri."

Wasubiri.

Ijumaa, 8 Machi

Tumerudi kliniki. Daktari akauliza tumeamua nini. Alinitazama mimi. Morenike alitazama sakafu. Nikasema bado. Akatikisa kichwa, akatutaka turudi wiki ijayo, au tukimbilie hapo siku yoyote Morenike akisikia dalili.

Tulipofika kwenye kona ya wauza mihogo Morenike alisimama. Amechoka, tumbo linamtangulia hatua mbili.

"Shemeji, mimi nataka nipasuliwe. Naogopa. Mdogo wako hanisikii, anasikia jina lake tu. Wewe anakusikiliza. Mwambie ilivyokuwa kwa Abeni."

Nikasema nitamwambia.

Hajui anachoniomba. Hakuna anayejua. Mke wangu, Abeni, alipobeba wetu wawili, wa nyuma alikaa hivi hivi. Hospitali nyingine, daktari mwingine, swali hili hili. Abeni alitaka kupasuliwa. Mimi ndiye niliyesema tusubiri mpaka Jumatatu, nifikirie. Uchungu ulianza Jumamosi. Taiwo alitoka, akalia kidogo. Kehinde alikwama. Akafa, na Abeni akafa pamoja naye. Taiwo aliwafuata siku ya tatu.

Abeni alikuwa akihesabu mateke kwa punje za mahindi. Teke moja, punje moja, kwenye bakuli la bluu. Siku ya mwisho zilikuwa thelathini na moja. Bakuli bado liko dirishani. Nafuta vumbi kulizunguka. Punje sizigusi.

Jumapili, 10 Machi

Sijampigia.

Jana nilisema mtandao mbovu. Leo nimesema nitampigia baada ya ibada. Ibada imekwisha tangu saa sita.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sehemu moja ya moyo wangu inataka Ige naye asubiri. Inataka aonje neno hilo lina ladha gani. Si kwamba namtakia Morenike mabaya — mtu anayenibakishia amala na mchuzi kila siku bila kuombwa! Ni yule. Maisha yake yote anatanguliza miguu na milango inamfungukia. Ana mke. Ana wawili wanaopiga mateke. Ana daktari anayemuuliza achague. Mimi nilipewa kuchagua mara moja.

Mungu anisamehe. Nitampigia kesho.

Jumatano, 13 Machi

Nimempigia. Imechukua siku tatu.

Nilimwambia yote. Kwamba Abeni alitaka, na kwamba mimi ndiye niliyesema subiri. Miaka mitatu sijalitamka kwa mtu. Nilisikia injini ya lori ikinguruma, kisha akaizima.

"Pole, kaka," akasema. "Lakini mke wangu si Abeni."

Ni kweli. Ndiyo maana imeuma.

Akarudia kwamba anakuja Jumapili, ataongea na daktari mwenyewe, uso kwa uso. Tusifanye kitu.

Jioni Morenike alipika maharage ya pacha, sadaka ya kuwaombea heri, akawagawia watoto wa jirani. Fungu langu aliliweka kwenye sahani ya bati, na pembeni vijiko viwili vya maharage vimetengwa. Nikauliza hivyo vya nani. "Vya wako," akasema. Akageuka kuosha chungu ili asinione uso.

Nilivila mwisho.

Kisha nikamwambia Ige amekataa. Hakulia. Aliuliza tu kama fomu ya upasuaji inahitaji saini ya mume. Nikasema sijui.

Ijumaa, 15 Machi

Niko benchi la kliniki. Kalamu ni ya nesi.

Chupa ya uzazi ilipasuka Morenike akifagia, saa moja asubuhi. Nikamchukua kwa pikipiki ya jirani, mimi nyuma nimemshikilia. Daktari alimpima mara moja tu. Wa mbele yuko sawa. Wa nyuma ameshusha mguu mmoja, na mapigo ya moyo wake yanapungua. Akasema: sasa, si baadaye. Morenike akasema ndiyo kabla hajamaliza. Akaweka saini.

Ige nilimpigia mara nne. Simu imezimwa — yuko njiani, sehemu zisizo na mtandao.

Nesi akaja na karatasi ya pili. "Baba Ibeji, hapa." Mstari umeandikwa: mume. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Ningeandika tu. Hakuna ambaye angejua, na ningekuwa mume wa mtu kwa mstari mmoja.

Morenike alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, wanamsukuma. Akainua kichwa. "Shemeji! Andika jina lako. Lako."

Nesi akanitazama. "Shemeji?"

Nikakata neno mume. Nikaandika: Akanji, kaka wa mume. Nesi alisoma, akashusha pumzi, akasema mama mwenyewe ameshasaini, muda wa kubishana haupo. Akaondoka na karatasi. Mlango ukafungwa.

Kalamu nimebaki nayo.

Ni dakika kumi sasa, au zaidi. Simu inaita. Ige. Imekatika. Inaita tena.

Hawezi kuzuia kitu tena, wameshaingia. Ningeweza kupokea. Nimwambie, naye asikilize pamoja nami. Ni haki yake. Lakini mimi ndiye niliyekaa hapa. Sauti ya kwanza nataka niisikie mimi, peke yangu, kabla yake. Nikisikia mbili, nitapokea. Nitampa jina lake lote alilokuja nalo, na Baba Ibeji juu yake.

Kuna mtoto amelia.

Mmoja.

Simu bado inaita.